Kwa nini mashini yetu ya kukausha nguo ilisimama, na wapi tulikosea

Maneno yaliyosemwa na timu ya uwanjani mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Uvira



Komite ilituomba tuje kueleza mambo ya mashini ya kukausha nguo, ile kubwa nyeupe iliyo kwenye nyumba ya kufulia. Tulipewa dakika ishirini. Tunajua kuko watu hapa ambao wamekwisha kusikia habari hii sokoni, tena kwa namna tatu tofauti. Wengine wamesikia kwamba mashini ilikuwa mbovu tangu Ulaya. Wengine wamesikia kijana aliiua kwa kuijaza mno. Na wa tatu wamesikia sisi watu wa shirika tulikula avansi. Tutaeleza vile ilikuwa, pamoja na sehemu yetu ambayo si ya kujivunia.

Kwanza tujibu swali la wafadhili, maana linarudi kila mwaka: nchi ya jua kali, mashini ya kukausha ya nini? Kiangazi, hakuna haja, kamba na jua vinatosha na havilipishwi. Lakini tangu Septemba mpaka Mei mvua inanyesha, na nyumba yetu ya kufulia inachukua mashuka ya maternite ya kituo cha afya. Shuka la mzazi likikaa siku mbili mbichi linanuka, na mzazi mwingine amekwisha kufika analihitaji. Halafu kuko yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa nje. Yai linageuka kuwa funza, na funza anaingia kwenye ngozi ya mtoto mchanga. Kila mama hapa anajua, njo maana tunapiga pasi mpaka kwenye mishono. Joto njo linaua yale mayai. Kwa hiyo ile mashini ni pasi kubwa ya watoto wa maternite. Na ni chakula cha ba mama kumi wanaofua pale, ambao kila mwezi wanaingiza fungu lao kwenye sanduku la msaada.

Sasa tuingie ndani.

Ile mashini ilikuja ndani ya kontena kutoka kwa ndugu zetu waliohamishiwa Ulaya. Si mpya. Kitabu chake kiko kwa Kiholanzi, na hapa kwetu hakuna anayesoma Kiholanzi. Ilitembea vizuri miezi kumi na moja. Halafu Jumatatu moja ya mwezi wa tatu ikaanza tabia: unaweka mashuka, inazunguka, inapata joto, dakika ya kumi hivi inasimama. Taa nyekundu inapiga macho. Ukingoja nusu saa, inakubali kuanza tena, halafu dakika ya kumi inasimama tena. Mashuka yanatoka ya vuguvugu na mbichi.

Kijana anayeiongoza alikuja kusema siku ile ile. Wengi mnamjua. Alizaliwa Nyarugusu na alirudi nyuma sana, si kama ninyi mliokuja na meli za kwanza kutoka Kigoma mwaka 2005 na 2006. Hilo tunalitaja kwa sababu lilitajwa. Mu komite kuko mtu aliyesema: "Huyu wa juzi juzi, amejulia wapi mashini ya Wazungu?" Ikaandikwa kwenye kitabu cha mikutano kwamba mashini imeharibika "kwa uzembe wa anayeiongoza", na primu yake ikasimamishwa. Hakuna aliyekuwa amefungua hata skurubu moja.

Tuliitwa sisi. Tuko na multimetri, ile ya dola kumi na mbili tunayotumia kwa mabetri ya sola, na mmoja wetu alisoma umeme kidogo mu chuo kabla ya kuhamia kazi ya jamii. Tulijiona tunaweza. Tulichomoa mashini kwenye umeme, tukangoja ipoe, tukafungua mgongo wake.

Wengi wenu hamtafungua mashini, lakini mutaombwa kutoa pesa za mashini, kwa hiyo ni vizuri mujue kilichomo. Kuko chuma cha kupasha moto, sawa na kile cha rishodi ila kirefu. Feni inapuliza hewa juu ya chuma, hewa ya moto inaingia kwenye ngoma yenye nguo, inabeba unyevu, inatoka kwa bomba la nyuma. Karibu na ile njia ya kutokea, kuko kidude kidogo kama punje ya harage, chenye waya mbili. Ile njo sonde ya joto. Kazi yake ni kuambia karte ya elektroniki hewa iko na joto gani. Karte ikisikia joto limefika, inakata moto. Likishuka, inawasha tena. Mbali na sonde, kwenye sanduku la chuma cha moto, kuko mlinzi wa pili, termostati ya usalama. Huyu haongei na karte hata kidogo. Yeye anakaa kwenye njia ya umeme wenyewe, na joto likipita mpaka wake anakata, basi. Ya kwetu ina kitufe kidogo chekundu cha kuirudisha kwa mkono.

Ile sonde inasema kwa namna gani? Kwa rezistansi, maana yake vile inavyozuia umeme kupita. Ikiwa baridi inazuia sana, ikipata joto inalegea. Tulipofungua tulikuta karatasi ya mafundi imekunjwa ndani ya kifuniko, na asante Mungu namba hazina Kiholanzi. Kwa nyuzi 25 sonde inapaswa kuwa omu 10,000. Kwa nyuzi 40, karibu 5,300. Kwa 50, karibu 3,600. Kwa 60, karibu 2,500. Kila aina ya mashini iko na meza yake, kwa hiyo mtu asichukue namba hizi akapime nazo mashini ya jirani.

Tulipima. Chuma cha moto: omu 24, sawa kabisa kwa chuma cha wati 2,000 kwenye umeme wa volti 220. Termostati ya usalama: inapitisha, nzima. Sonde: omu 9,100 hivi, na siku ile chumba kilikuwa kama nyuzi 27. Nzima. Waya kutoka sonde mpaka karte: zinapitisha. Basi tukatazamana. Kama chuma ni kizima, mlinzi ni mzima, sonde ni nzima, waya ni nzima, kilichobaki ni karte. Tuliandika ripoti ya ukurasa mmoja: karte imekufa, ibadilishwe. Tuliandika kwa uhakika, na kwa kompyuta.

Bei ya karte kutoka Ulaya, pamoja na kusafirisha: dola 310. Komite ilikubali itolewe kwenye sanduku la msaada. Ninyi mnajua lile sanduku ni la nini. Mwezi ule kuko mwanachama aliyekuwa amelazwa kwa upasuaji na bili yake ilikuwa inangoja. Mama mtunza sanduku aliuliza, mbele ya watu wote: "Mko na hakika?" Tukasema ndiyo. Yeye hakuridhika. Alitoa avansi ya dola 60 peke yake, zikatumwa kwa yule muuzaji, na zilizobaki akasema zitangoja sahihi ya tatu. Mwenye sahihi ya tatu alikuwa safarini Fizi. Wiki mbili tulilalamika juu ya ile sahihi. Leo tunamshukuru mama.

Katika zile wiki mbili ba mama hawakutaka kukaa bure, na mvua haikungoja. Mmoja akamleta fundi wa redio kutoka sokoni. Hatumtaji na hatumlaumu. Alitumia akili yake, na sisi ndio tuliokuwa tumeacha ile karatasi ya namba wazi juu ya meza. Alisoma: omu 10,000. Akafungua boksi lake, akatoa rezistansi ya redio yenye omu 10,000, ile yenye mstari wa kahawia, mweusi na wa machungwa. Akachomoa sonde, akaweka rezistansi mahali pake. Mashini ikawaka. Dakika ya kumi ikapita, ya kumi na tano, ya ishirini. Watu wakapiga makofi.

Mumeona shida iko wapi? Rezistansi ya redio haibadiliki na joto. Ni 10,000 asubuhi na ni 10,000 ndani ya moto. Karte inauliza: "Joto gani?" Inajibiwa: "25." Baada ya nusu saa inauliza tena, inajibiwa: "25." Basi inaendelea kupasha, kwa sababu kwake hewa ni baridi bado. Hakuna tena anayemwambia inatosha.

Kwenye dakika ya arobaini kukatoka harufu. Kijana wetu, ambaye alikuwa hana primu lakini alikuwa anakuja kila siku kubeba maji, alikimbia kufungua mlango. Mashuka sita yalikuwa yamegeuka rangi ya chai kwenye pindo. Wakati ule ule ikasikika "tak" na moto ukakatika: termostati ya usalama ilikuwa imefanya kazi yake. Fundi akasema ile nayo imekuwa mbovu, akatoa kipande cha waya ili aunganishe pande zote mbili, umeme upite bila kupitia kwake. Kijana akasimama mbele ya mashini. Alisema, na ba mama watatu wako hapa wanashuhudia: "Hapana, papa. Hiki kilichokata njo kimetuokoa. Ukikifunga, tutachoma nyumba." Fundi akakasirika akaenda zake.

Tutakaa kidogo hapa. Nyumba ya kufulia iko na paa la mabati na dari la mbao, na nyuma ya ukuta kuko stoo ya vyandarua na magodoro ya familia zinazofika. Mashini ya kukausha inakusanya manyoya ya nguo, ule utando laini kama pamba, na utando ule ukikauka unashika moto haraka kuliko karatasi. Sonde ilikuwa imedanganywa. Kama termostati nayo ingefungwa na waya, kusingebaki mlinzi hata mmoja. Tunaomba wanachama mulikumbuke hili hata kwa mambo mengine ya nyumbani, fyuzi zile tunazozifunga na karatasi ya sigara, maana tumeona nyumba zenu na za kwetu ziko vilevile.

Tulipofika kesho yake tulikuwa na hasira ya mashuka. Kijana alitungoja tumalize. Halafu akauliza, polepole: "Ba kaka, muliandika karte imekufa. Kama imekufa, mbona jana imetembea dakika arobaini bila kusimama?"

Hatukuwa na jibu. Ukweli ulikuwa wazi kama mchana. Karte ilipopewa namba isiyokatika, ilifanya kazi yote: iliwasha moto, ilizungusha ngoma, ilihesabu dakika. Mgonjwa hakuwa karte. Kitu pekee kilichobadilishwa ni sonde, na shida ya dakika ya kumi ikapotea. Kwa hiyo shida iko kwenye sonde au kwenye kishikio chake. Yule ambaye kitabu kilisema hajui mashini alikuwa amesoma mashini kuliko sisi.

Lakini sisi tulikuwa tumeipima ile sonde! Omu 9,100, nzima! Tulikuwa tunalisema hilo kwa sauti kubwa pale mlangoni, na mkunga wa maternite alikuwa amekuja kuuliza mashuka yake. Akatutazama vile wakunga wanavyotazama wanaume. Akasema: "Mulimpima wakati gani? Sisi mgonjwa wa malaria akija asubuhi hana homa, hatumuambii uko mzima. Tunamshika mpaka homa ipande, halafu tunapima."

Njo hivyo. Tulipima sonde ikiwa baridi, na mashini haikuwa inagonjwa ikiwa baridi. Ilikuwa inagonjwa dakika ya kumi.

Kipimo cha pili kilifanyika na vitu vya jikoni. Tulitoa sonde, tukaifunga ndani ya mfuko mdogo wa plastiki ili maji yasiguse waya, tukaizamisha kwenye kikombe cha bati. Tuliazima termometa ya ba mama wa sabuni, maana ile ya kituo cha afya inaishia nyuzi 42. Kikombe tukakiweka pembeni ya mbabula, si juu ya makaa, ili maji yapande polepole. Mmoja alishika multimetri, kijana akasoma termometa, mama mmoja akaandika.

Nyuzi 27: omu 9,080. Nyuzi 35: 6,500. Nyuzi 45: 4,350. Nyuzi 50: 3,590. Inafuata karatasi kama mwanafunzi mwema. Tukaanza kuogopa kwamba tutaaibika mara ya pili. Nyuzi 52, 53. Kwenye 54 namba ikapotea. Multimetri ikaandika herufi zile mbili, OL, maana yake hakuna njia, umeme haupiti kabisa. Tukatoa kikombe motoni. Maji yakashuka, kwenye 48 namba ikarudi, kama hakuna kilichotokea. Tulirudia mara tatu. Ikapotea kwenye 54, kwenye 53, kwenye 55.

Sasa hesabu inakubali. Hewa ya kutokea kwenye mashini hii inafika nyuzi hizo dakika ya kumi hivi. Ndani ya sonde kuko mahali pamepasuka, padogo, haponekani kwa jicho. Ikiwa baridi pande mbili zinagusana. Joto likipanda, vitu vinatanuka, zinaachana. Karte inasikia ghafla kimya, haijui kama ni baridi ya barafu au waya umekatika, basi inafanya la busara: inasimama na kuwasha taa nyekundu. Ukingoja nusu saa, sonde inapoa, inagusana tena, mashini inaanza. Taa nyekundu ilikuwa inatuambia ukweli tangu Jumatatu ya kwanza, na maana yake ilikuwa imeandikwa kwenye kile kitabu cha Kiholanzi. Baadaye ndugu mmoja wa Ulaya alitusomea kwa simu, sentensi moja: angalia sonde. Tungepiga simu ile mapema tusingekuwa na hotuba leo.

Kwa nini sonde ilipasuka? Umri ni sababu moja. Nyingine tuliikuta nje ya ukuta. Bomba la kutolea hewa lilikuwa limefunikwa na kipande cha chandarua kukuu, kilichofungwa na kamba, kwa ajili ya panya na mijusi. Nia ilikuwa nzuri. Lakini manyoya ya nguo yalikuwa yamejaa kwenye matundu ya chandarua mpaka yakawa kama blanketi. Hewa ya moto haikuwa na pa kutokea, ikawa inarudi nyuma, na sonde ilikuwa inapikwa kila siku zaidi ya kipimo chake. Aliyefunga chandarua ni sisi, timu ya uwanjani, siku ya kufunga mashini. Picha yake imo hata kwenye ripoti ya mwaka jana, ukurasa wa mbele, sisi tunacheka mbele yake. Siku hizi kuna waya wa matundu makubwa, wa kuku, na kila Jumamosi unapigwa brashi. Chujio la ndani linasafishwa kila baada ya mzigo, hilo kijana alikuwa analifanya tangu zamani na tulimkuta nalo safi.

Kupata sonde nyingine hakukuwa rahisi sana. Mzee mmoja anayetengeneza mafriji alitupa ya kwake, aliyoitoa kwenye mashini ya hewa baridi, bure. Kwa nyuzi 25 ilikuwa omu 10,000, pacha kabisa. Tungekuwa watu wa mwezi wa tatu tungeifunga pale pale. Tuliipeleka kwenye kikombe. Kwa nyuzi 50 ilitoa karibu 4,160 badala ya 3,600. Kwa 60, karibu 3,040 badala ya 2,500. Maana yake hewa ikiwa nyuzi 60, karte ingedhani ni 54 tu, ingeendelea kupasha. Sonde mbili zinaweza kukutana kwa namba moja halafu zikaachana njia. Tulimshukuru mzee, tukamrudishia.

Sonde yenyewe, ya mashini yenyewe, ilinunuliwa na ndugu zetu kule na kuletwa na mgeni kwenye mkoba. Dola 18, na dola 7 za kuipokea. Kabla ya kuifunga tuliipitisha kwenye kikombe mpaka nyuzi 70, haikukatika. Tulisafisha vishikio vya waya, maana vilikuwa na kutu ya kijani kidogo kwa hewa ya ziwa. Rezistansi ya redio tumeitoa na tumeipigilia ukutani na msumari, iko pale, mutaiona. Mashini inatembea tangu wiki ya pili ya mwezi wa nne.

Hesabu ya pesa, kwa wanachama na wafadhili. Sonde na kuipokea: dola 25. Waya wa kuku na brashi: dola 4. Mashuka sita ya maternite yaliyoungua: dola 54, yamelipwa na timu yetu kutoka mifukoni, si kutoka kwa bajeti ya mradi, risiti ziko kwa mama mtunza sanduku. Avansi ya dola 60 ya karte: muuzaji amekataa kuirudisha, amesema tunaweza kuchukua kitu kingine cha bei ile. Mpaka leo haijarudi na hatutaki kusema itarudi. Ile ni pesa ya sanduku la msaada iliyopotea kwa ripoti yetu ya ukurasa mmoja. Dola 250 ambazo hazikutoka zilibaki ndani, na sehemu yake ilikwenda kwa bili ya upasuaji kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Yule mwanachama ameketi pale mstari wa nyuma, anatembea na fimbo.

Tumeandika utaratibu mpya, umebandikwa juu ya mashini kwa Kiswahili, karatasi moja tu. Mashini ikisimama: andika dakika iliyosimama na taa gani inawaka. Gusa bomba la nje, usikie kama hewa inatoka. Chomoa umeme, ngoja ipoe. Pima sonde baridi, halafu ipime kwenye kikombe mpaka nyuzi 70. Usifunge mlinzi yeyote na waya, hata kwa dakika moja ya kujaribu. Na pesa ya kununua kitu kikubwa haiombwi mpaka kipimo kimefanywa mara mbili na watu wawili tofauti, wa pili asiwe wa timu yetu.

Limebaki jambo moja, na ndilo tulilokujia kwa kweli. Primu ya kijana ilisimamishwa wiki nne. Komite ilimrudisha kazini, lakini zile wiki nne hazikulipwa, na lile neno "uzembe" bado liko kwenye kitabu cha mikutano, ukurasa wa 41, kwa kalamu ya bluu. Yeye hakuomba kitu. Tulipomuuliza alisema pesa si kitu sana, lakini siku moja mtoto wake atasoma kile kitabu. Kwa sheria yetu ya ndani, neno lililoandikwa na mkutano linafutwa na mkutano, si na komite. Prezida amekubali tuliweke mbele yenu leo, mambo mawili kwa pamoja: mstari ule upigwe na kuandikwa pembeni kilichoonekana kweli, na wiki nne zilipwe kutoka kwa mapato ya nyumba ya kufulia. Kitabu kiko hapa mezani, kimefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe. Wanaokubali, tunaomba munyanyue mikono, na ba mama wawili wa mbele watusaidie kuhesabu.